Kipimo kinasema sina, mume wangu anasema nimemficha

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu. Nina miaka 36, nauza mahindi na maharage sokoni hapa Korogwe, na nina binti mmoja yuko darasa la tano.

Niligundulika nina VVU mwaka 2014, kliniki ya wajawazito, mimba ikiwa ya miezi minne. Mwanamume niliyekuwa naye aliondoka kabla mtoto hajazaliwa. Dawa nilianzishiwa siku ileile. Mwanzoni nilikuwa nakunywa ile ya usiku iliyokuwa ikiniletea ndoto za ajabu, baadaye wakatubadilishia tukapewa hii ya sasa, kidonge kimoja kwa siku, na zile ndoto zikakoma. Binti yangu alizaliwa salama, akapewa dawa yake ya maji, akapimwa mara zote zinazotakiwa, hana maambukizi. Tangu 2017 kila nikipimwa wingi wa virusi majibu ni yaleyale: havionekani. Kwenye faili wanaandika TND, maana yake ni hiyohiyo.

Mwaka 2021 nilikutana na mume wangu, ni fundi umeme. Nilimweleza hali yangu kabla hajaja kwetu kujitambulisha. Alipotea siku tatu, kisha akarudi akasema twende wote kliniki. Nesi akatuweka chini, akampima, yeye hana. Akamwambia, "Mkeo hana virusi kwenye damu. Akiendelea hivi hawezi kukuambukiza." Mwaka uliofuata tukafunga ndoa. Tumeishi vizuri Anti, sisemi uongo. Yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha kila saa tatu usiku, "Umeshakunywa?" Mwaka huu tukaanza kuongelea habari ya mtoto.

Miezi mitatu iliyopita rafiki yake alimtumia video kwenye simu. Daktari anaeleza kwamba hata mtu aliyekunywa dawa miaka kumi bado virusi vimo mwilini mwake: kwenye tezi, kwenye utumbo, hadi kwenye ubongo, vimejificha ndani ya askari walewale wa mwili. Aliitazama mara mbili, ya pili akanikalisha tuitazame wote. Akaniuliza, "Ulikuwa unalijua hili?" Nikamwambia sikulijua. Hakuniamini. Akasema maneno ambayo mpaka leo hayajanitoka: "Kwa hiyo kwenye damu havipo, vipo kwenye nyama. Mimi nalala na damu au nalala na nyama?" Tangu usiku ule analala sebuleni kwenye kochi. Mtoto akiuliza, anasema mgongo unamsumbua.

Upande wa pili yupo dada yangu mkubwa. Yeye ndiye ndugu pekee anayejua. Nilipomlilia alikwenda duka la dawa akaninunulia kipimo cha kujipima, kile cha kupitisha kwenye fizi. Nilijipimia chumbani kwake. Ukatoka mstari mmoja. Tulikaa tunautazama. Dada akaanza kulia na kumshukuru Mungu. Anasema nimepona, na kwamba figo zangu zitakufa kwa kumezeshwa dawa za ugonjwa ambao sina.

Anti, niliacha dawa siku tatu. Siku ya nne nikaogopa, nikarudi. Sijamwambia mtu. Kile kipimo nimekifunga kwenye kipande cha kanga, kiko chini ya nguo zangu, na kila usiku nawaza mambo mawili. La kwanza ni kumwonyesha mume wangu ule mstari mmoja ili arudi chumbani. Moyoni najua kuna kitu hakijakaa sawa, maana kliniki hawajawahi hata siku moja kuniambia nimepona. Lakini ni kipimo cha kweli, sikukichora mimi. La pili ni kuacha dawa miezi mitatu halafu nikapime. Vikirudi nitajua vilikuwepo, visiporudi nitajua dada alisema kweli. Tarehe yangu ya kuchukua dawa ni 18 mwezi ujao, na nimefikiria nisiende.

Mama mkwe, ambaye hajui lolote, kila Jumapili ananiuliza lini atambeba mjukuu.

Nisaidie. Vipo au havipo? Kama havipo, nameza nini? Na kama vipo, mume wangu amekosea wapi?

Asiyepata usingizi, Korogwe

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya kukaa hapa kujibu barua nilikuwa muuguzi, na miaka yangu ya mwisho kazini niliitumikia kliniki kama hiyo unayokwenda. Maswali yako mawili ya mwisho niliyarudia mara nyingi kabla ya kushika kalamu. Yana uzito, na hayaonyeshi kwamba hujui kitu. Waliosomea jambo hili maisha yao yote walishajikwaa palepale ulipojikwaa wewe.

Nikikuelewa vizuri, umebanwa katikati na watu wawili wanaokupenda. Dada anasema havipo, kwa hiyo acha. Mume anasema vipo, kwa hiyo kaa mbali. Wanavutana, lakini wazo lao ni moja: kwamba kirusi ni kama mgeni, ama yumo ndani ama ameshatoka mlangoni. Na wewe umelipokea wazo hilo ukaniuliza vipo au havipo, kana kwamba nikijibu hilo, mengine yote yatajijibu yenyewe. Ningependa tulitazame kwanza wazo lenyewe.

Wewe ni muuza nafaka, na kwa hili kazi yako itatusaidia kuliko yangu. Fukusi unamjua. Anatoboa punje, anataga yai ndani, anaziba tundu. Siku ile ukichoma bambo kwenye gunia, punje zinazokumwagikia kiganjani ni nzima, hakuna mdudu anayetembea. Bambo halijakudanganya, limekuonyesha lilichogusa. Lakini yai limo ndani ya punje, na ukilinusa gunia hulijui.

VVU hufanya jambo linalofanana na hilo. Kirusi kikiingia kwenye seli ya CD4, huyo ndiye askari tunayemsema kila siku, hakikai pembeni kama taka inayosubiri kuzolewa. Kinaandika maelezo yake ndani ya vinasaba vya seli hiyo, yanakuwa sehemu ya seli yenyewe. Seli nyingi zilizoingiliwa hivyo hufa mapema. Chache zinakwenda kupumzika. Nyingi kati ya hizi chache ni seli za kumbukumbu, za aina ileile inayoendelea kuukumbuka ugonjwa uliochanjwa utotoni, na zimeumbwa ziishi miaka mingi zikingoja adui yule aonekane tena. Seli ikilala, maandishi ya kirusi nayo yanalala. Haitoi kirusi, wala haionyeshi alama ambayo askari wengine wangeitambua. Kama kidonge chako ni kile kinachotumika zaidi sasa, ndani yake kuna dawa tatu: mbili zinazuia kirusi kunakili maelezo yake, na ya tatu, dolutegravir, inazuia nakala isipachikwe kwenye vinasaba vya seli nyingine. Zote tatu zinalinda seli ambazo hazijaingiliwa. Hakuna hata moja inayofuta kilichokwisha kuandikwa.

Dada yako asijione mjinga. Katikati ya miaka ya 1990, dawa za mchanganyiko zilipoanza kusafisha damu za wagonjwa, mtafiti David Ho na wenzake huko Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba huenda miaka miwili au mitatu ya dawa ingetosha kumaliza kazi. Mwaka 1997 makundi matatu ya watafiti, mojawapo la Robert Siliciano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, yaliwachukua watu ambao vipimo vya damu vilionyesha wako safi, yakatenga zile seli zilizolala na kuziamsha. Kirusi kikatoka, kizima, kikiwa na nguvu ya kuambukiza. Hesabu zilizofuata za kundi la Siliciano zilionyesha kwamba akiba hii hupungua nusu kila baada ya miezi 44 hivi, na kwa mwendo huo mtu angehitaji zaidi ya miaka 70 ya dawa ili iishe. Na seli zenyewe ni chache mno, karibu moja katika kila milioni ya zilizopumzika.

Hapo mfano wangu wa fukusi unaishiwa nguvu, kwa sababu punje iliyo guniani haizai punje. Seli ya kumbukumbu inajigawa, ni kawaida yake, na ikijigawa inanakili vinasaba vyake vyote pamoja na maandishi yale. Ndiyo maana akiba inadumu hata kwa mtu ambaye hajakosa kidonge hata siku moja. Ni mwili wako mwenyewe unaozitunza seli zake, na kirusi kimelala humo humo.

Kuhusu nyama, mumeo hakukosea. Damu inayozunguka ina takribani asilimia 2 tu ya seli hizi za kinga. Zilizobaki ziko kwenye tezi za limfu, kama zile zinazovimba kinenani mtu akiumia mguu tukasema ana mtoki, kwenye wengu, kwenye uboho wa mifupa, na kwa wingi sana kwenye ukuta wa utumbo. Kwa hiyo kipimo cha damu ni bambo lililochomwa mahali pamoja. Utumbo ndio unaopigwa mapema zaidi: ndani ya wiki chache za maambukizi askari wa pale wanateketea kwa kasi ambayo damu haiionyeshi, ukuta unaanza kuvujisha vipande vya bakteria, na mwili unabaki kama nyumba ambayo usiku taa hazizimwi, kinga iko macho muda wote. Dawa hutuliza hali hiyo sana, ila haiimalizi yote, na ndiyo sababu mojawapo ya kuwaambia wagonjwa wetu waangalie presha na moyo hata virusi vikiwa havionekani. Ndani ya tezi nako kuna vijumba vidogo ambamo baadhi ya seli za CD4 hukaa zikizisaidia seli zinazotengeneza kinga, na askari wauaji, wale wa CD8, huingia humo kwa nadra. Kirusi kimepata pa kulala mahali ambapo mlinzi hapiti mara kwa mara. Ubongoni zipo seli za aina nyingine, mikroglia, zinazoishi miaka mingi, nazo zinaweza kukihifadhi.

Haya yamejulikana kwa gharama ya watu. Kule San Diego, Marekani, kuna mpango unaoitwa Last Gift, maana yake zawadi ya mwisho. Watu wanaoishi na VVU ambao maradhi mengine yamewafikisha ukingoni huitoa miili yao ichunguzwe saa chache tu baada ya kufa, ili ijulikane kirusi kinakaa wapi. Kimekutwa kwenye viungo vingi. Huwa nawawaza watu hao, waliotumia siku zao za mwisho kutusaidia tujue jambo hili ambalo leo linakukosesha usingizi.

Basi vipo, mwanangu. Sina njia ya kulipunguza neno hilo. Nesi aliyesema "hana virusi kwenye damu" alikuwa anakata maneno, na najua anavyokata kwa sababu na mimi nilikata hivyohivyo, benchi likiwa limejaa watu. Neno sahihi ni kwamba havionekani. Tofauti ya maneno hayo mawili imekuja kukaa kwenye kochi la sebuleni kwako, na nasikitika kwa hilo.

Lakini swali la mumeo si kama vipo. Swali lake ni kama vinapita. Na hili halikujibiwa kwa kubahatisha. Utafiti ulioitwa PARTNER, uliotoa majibu mwaka 2016, uliwafuata Ulaya wapenzi jozi 888, mmoja ana VVU na anatumia dawa, mwingine hana. Jumla walikutana kimwili bila kondomu mara 58,000 hivi. Maambukizi yaliyotoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vimefubazwa: hakuna hata moja. Walikuwepo watu 11 walioambukizwa katika muda huo, na vinasaba vya virusi vyao vilipolinganishwa ikaonekana vimetoka kwa watu wengine. Utafiti mwingine, HPTN 052, ulikuwa na jozi 1,763 katika nchi tisa, Kenya na Malawi zikiwemo, nao haukuona mwenza akiambukizwa na mwenzake ambaye virusi vilikuwa vimefubazwa sawasawa.

Sasa fikiria jambo hili, na ukipata nafasi mwambie mumeo alifikirie pia. Kila mmoja wa wale waliokuwa wakinywa dawa alikuwa na virusi vilivyolala mwilini. Watafiti hawakuchagua watu ambao nyama zao zilikuwa safi, kwa sababu watu hao hawapo. Ni nyama ileile anayoiogopa, na haikumwambukiza mtu. Kinachoambukiza ni virusi vilivyokamilika, vinavyoelea kwenye majimaji ya mwili kwa wingi wa kutosha. Maandishi yaliyolala ndani ya seli ya utumbo au ya tezi hayatembei kwenda kwa mtu mwingine. Yakiamka, dawa iko mlangoni inasubiri.

Iko mlangoni, lakini, kwa sharti la kidonge cha kila siku. Ndipo linapokuja lile wazo lako la kuacha miezi mitatu ili upate uhakika. Naelewa linavyovutia, maana linaonekana kama jaribio la haki. Mashaka yangu ni kama jibu lake litakuambia unachotaka kujua. Watu wengi wakiacha dawa, virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne, bila homa wala dalili ya kukuonya. Kama katika wiki hizo mumeo atakuwa amerudi chumbani, ndiyo utakuwa usiku wa kwanza katika ndoa yenu ambao hofu yake ina msingi. Na visiporudi katika miezi mitatu? Kule Mississippi alizaliwa mtoto mwaka 2010, akapewa dawa akiwa na umri wa saa 30, baadaye akakaa miezi 27 bila dawa na bila virusi kuonekana. Dunia nzima ilisema amepona. Mwaka 2014 vikarudi. Lipo pia jambo la afya yako wewe. Mwaka 2006 utafiti wa SMART, wenye watu 5,472, ulikatishwa kabla ya wakati kwa sababu kundi lililokuwa likipumzishwa dawa lilikuwa likiugua magonjwa nyemelezi na kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Nilikuwa kazini kabla ya 2004, dawa hizi zilipokuwa hazijaanza kutolewa bure hapa kwetu. Ninajua huko tulikotoka palivyo.

Zile siku tatu zinasemeka. Mwambie nesi tu, usisubiri tarehe kama inakutesa, na mpaka mtakapoongea kondomu itakutuliza hata wewe.

Kile kipimo kwenye kanga sasa. Hukukichora, ni kweli. Ila kipimo cha kujipima hakitafuti kirusi. Kinatafuta alama ambazo kinga ya mwili imetengeneza dhidi ya kirusi, na kwenye majimaji ya fizi alama hizo ni chache kuliko kwenye damu. Mtu aliyetumia dawa miaka mingi, kinga yake haimwoni adui akizunguka, kwa hiyo wakati mwingine alama zinapungua hadi kipimo kikazikosa. Ndiyo maana maelekezo yake yanasema kisitumiwe na mtu aliye kwenye dawa za kufubaza virusi. Ule mstari mmoja unaweza kuwa ushahidi wa jinsi ulivyozimeza dawa zako vizuri tangu 2014, na hilo nadhani dada yako anastahili kuambiwa kwa upole, kwa sababu furaha aliyolia nayo ilikuwa ya kweli. Na kuhusu figo, hajabuni: mojawapo ya dawa hizo, tenofovir, kwa baadhi ya watu inaweza kuzigusa. Figo zinapimwa kliniki, unaweza kuomba.

Je, umwonyeshe mumeo? Nimejaribu kukaa mahali pako. Miezi mitatu ya kitanda cha peke yako ni mingi, na suluhisho liko chini ya nguo, limefungwa kwenye kanga. Huenda likafanya kazi. Huenda akarudi usiku uleule. Ninachojiuliza ni usiku unaofuata. Mtu akiamini umepona, hana sababu ya kukuuliza saa tatu kama umeshakunywa. Utaanza kumeza kwa kujificha ndani ya nyumba ambamo ulikuwa hujifichi, au utaacha. Na mumeo ni mtu anayetafuta habari kwenye simu. Siku atakapokutana na maelezo ya kipimo hicho, atakurudia na swali lilelile.

Swali gani? Nimeirudia barua yako kuhakikisha. La kwanza kutoka kinywani mwake halikuwa "Utaniambukiza?" Alikuuliza, "Ulikuwa unalijua hili?" Wewe umeishi na yeye, mimi sijawahi kumwona, kwa hiyo nakuachia ulipime. Lakini mwanamume huyu aliambiwa habari nzito mwaka 2021, akapotea siku tatu, akarudi akasema twende wote. Habari yenyewe hakuikimbia. Inawezekana kinachomlaza sebuleni si kirusi kilicho kwenye utumbo wako, ni hofu kwamba kuna jambo wote walilijua, wewe na nesi, akabaki yeye. Kama ni hivyo, takwimu zangu zote hapo juu hazitamgusa mpaka akuamini kwamba na wewe uliisikia siku ileile aliyoisikia yeye. Inawezekana pia nimekosea, ni hofu ya kawaida ya mwili, nayo haina aibu.

Kama ni hofu ya mwili, zipo njia za kumpa pumzi. Anaweza kupima tena. Mnaweza kutumia kondomu kwa muda, au yeye akaulizia PrEP, dawa ya kujikinga inayotumiwa na mtu asiye na maambukizi. Kitabibu, wewe ukiendelea na dawa na majibu yakabaki hivyo, hahitaji. Lakini binadamu haishi kwa kitabibu peke yake, na nimeona wenza waliovuka kipindi kigumu kwa kutumia kondomu miezi kadhaa kisha wakaziacha wenyewe. Nimeona pia nyumba ambamo kondomu ilikuja kuwa ukuta, kila usiku ikimkumbusha mke kwamba anaogopwa. Wewe ndiye utakayejua ingekuwa ipi kwenu.

Kumpeleka kliniki tarehe 18 nako kuna pande mbili. Akienda kwa kupenda kwake, akayauliza maswali yake mwenyewe ya damu na nyama, atatoka na majibu ambayo hayakupita kinywani mwako, na hiyo ni faida. Akihisi ameitwa kusemwa mbele ya watu, atafunga mlango. Kama unaona ataitika, ungeweza kumweleza nesi mapema ni kitu gani kinawasumbua, ili asiwajibu kwa haraka kama mwanzo. Unaweza pia kwenda peke yako, yeye akafuata siku nyingine.

Habari ya mtoto haijafungwa. Wanawake wenye virusi vilivyofubazwa wanapata mimba kwa njia ya kawaida na waume zao hawaambukizwi. Kwenye kunyonyesha hatari inakuwa ndogo sana, chini ya asilimia moja, ila hatusemi sifuri kama tunavyosema kwa mwenza, na mtoto hupewa dawa yake kama alivyopewa binti yako. Mlizungumze hilo na kliniki kabla ya mimba, kwa nafasi, si kwa kusukumwa na maswali ya Jumapili. Mama mkwe anaweza kungoja.

Kuhusu kupona kabisa, wapo waliopona, wanahesabika. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alipandikizwa uboho mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu, kutoka kwa mtu ambaye seli zake hazina mlango ambao kirusi hupitia. Ni tiba ya hatari inayotolewa kwa mtu ambaye saratani tayari ingemuua. Nakutajia ili ujue kwamba akiba ile si kitu kisichogusika, na maabara nyingi zinashughulika nayo mpaka leo. Video aliyoitazama mumeo, nadhani, ilitoka kwa watu wa kazi hiyo. Walikuwa wanaeleza kwa nini bado hawajashinda. Hawakuwa wanawaambia wanandoa walale mbalimbali.

Mwanangu, nimekujibu kwa urefu na bado sijakuambia uanzie wapi, kwa sababu nyumba ni yako. Lakini ukiamua kwenda pale sebuleni usiku mmoja, baada ya binti kulala, nisingependa uende na kipimo mkononi, wala na barua yangu. Kaa ukingoni mwa kochi, umuulize kwanza habari ya mgongo. Huenda akakujibu kingine.

Anti